Rupia kwa Shilingi: Nani Aliyeshika Mizani?

Maneno ya sarafu moja ya Afrika Mashariki yamekwisha kuwa marefu. Mkataba wake ulitiwa saini mjini Kampala tarehe 30 Novemba 2013, ukaweka miaka kumi ya matayarisho. Miaka hiyo imepita, na mwaka unaotajwa sasa ni 2031. Wenye kuutetea mpango huu hutueleza faida zake: kwamba mfanyabiashara wa Wete atapeleka mali yake Mombasa bila ya kupita kwa mwenye kubadili fedha, na kwamba bei zitajulikana kote kwa hesabu moja. Sisi hatuna ugomvi na faida hizo. Lakini lipo swali moja ambalo hatujalisikia likijibiwa, wala hatujalisikia likiulizwa kwa sauti katika visiwa hivi: siku itakapobadilishwa shilingi iliyomo mfukoni mwa mkulima wa karafuu, itabadilishwa kwa kiasi gani, na nani atakayekikata kiasi hicho?

Swali hili si geni kwetu. Visiwa hivi vimekwisha kutoka katika riale vikaingia katika rupia, vikatoka katika rupia vikaingia katika shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, kisha vikaingia katika shilingi ya Tanzania. Kila mara ilisemwa kwamba jambo hili ni la wataalamu, na kwamba mwananchi hana haja ya kujisumbua nalo. Leo tunaomba ruhusa ya wasomaji wetu tulitazame jambo hili la wataalamu kwa hesabu ambayo kila mtu aliyewahi kununua na kuuza anaweza kuifuata.

NGALAWA NYUMA YA JAHAZI

Babu zetu walihesabu kwa riale, ile sarafu ya fedha ya Austria yenye sura ya malkia Maria Theresa na mwaka 1780, mwaka aliofariki malkia mwenyewe. Seyyid Barghash alipiga riale zake na pesa zake za shaba mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882. Lakini rupia ya Bara Hindi iliyokuja na biashara ndiyo iliyoshinda. Mwaka 1908 Serikali ya Unguja ikatoa noti zake za rupia na senti zake, senti mia kwa rupia moja. Jina lilikuwa la Unguja, lakini thamani haikuwa ya Unguja: rupia yetu ilifungwa kwa rupia ya Bara Hindi, moja kwa moja. Na mwenye kufunga ngalawa yake nyuma ya jahazi la mwenziwe huenda liendako jahazi, si atakako yeye.

Jahazi lenyewe halikuwa limetulia. Rupia ilikuwa sarafu ya fedha, na mwanzoni mwa miaka ya 1870 thamani yake ilikuwa karibu na shilingi 2 za Kiingereza. Ujerumani na nchi nyingine zilipoiacha fedha zikashika dhahabu, fedha ikaporomoka na rupia ikaporomoka pamoja nayo. Mwaka 1893 Serikali ya Bara Hindi ikafunga viwanda vyake kwa watu waliokuwa wakipeleka fedha yao kupigiwa rupia, na mwaka 1899 rupia ikawekwa rasmi kuwa shilingi 1 na peni 4, yaani rupia 15 kwa pauni moja. Kiasi hiki kikakaa mpaka Vita Vikuu vya Kwanza. Mkulima wa Unguja na Pemba aliyekopa kwa rupia katika miaka hiyo alikopa akijua kwamba pauni ni rupia 15.

Vita vikaja, na bei ya fedha ikapanda. Rupia ikapanda kutoka shilingi 1 na peni 4 mpaka mwanzoni mwa mwaka 1920 ikawa juu ya shilingi 2. Hapo ndipo watawala wa Kiingereza wa bara walipotakiwa kuamua. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilikuwa imeundwa Desemba 1919, na makao yake yalikuwa London. Mwaka 1920 ikaamuliwa kwamba rupia ya Kenya na Uganda ihesabiwe kuwa shilingi 2 kamili, kwanza kwa sarafu iliyoitwa florini, kisha kwa shilingi ya Afrika Mashariki, ambayo ilishika kazi mwaka 1922.

Mara baada ya uamuzi ule rupia ya Bara Hindi ikaanguka tena mpaka kwenye shilingi 1 na peni 4 na hata chini yake. Lakini kule bara ilikuwa imekwisha kugandishwa juu. Mtu aliyekuwa na deni la rupia 1,000 alikuwa anadaiwa pauni 66 na ziada kwa kiasi cha zamani. Kwa kiasi kipya alidaiwa pauni 100 kamili. Deni liliongezeka kwa nusu yake bila ya mdaiwa kukopa hata senti moja zaidi, na benki zilizokopesha zikapata nusu ile bila ya kutoka jasho. Masetla wa Kenya, ambao ndio waliokuwa wadaiwa wakubwa, walipiga kelele. Waliposhindwa kuipunguza rupia waliitafuta khasara yao mahali pengine: mwaka 1921 wakaazimia kupunguza mishahara ya wafanya kazi wa Kiafrika kwa thuluthi moja. Katika hasira ya jambo hilo ndipo ilipopata nguvu harakati ya Harry Thuku mjini Nairobi.

Na tuutazame mnyororo huu, ndugu zetu, kwani ndio mafunzo ya karatasi hii. Kiasi kilikatwa London. Faida ikaenda benki. Mzigo ukaangukia setla, na setla akautua juu ya kichwa cha kibarua. Aliyekuwa mbali kabisa na mizani ndiye aliyelipa mwisho.

HESABU YA PAUNI 100

Unguja haikuingia katika shilingi mwaka 1922. Ilibaki na rupia yake miaka 14 zaidi. Yaweza kudhaniwa kwamba kwa hivyo tulisalimika. Hebu tupige hesabu.

Tuseme karafuu za mkulima zimeuzwa Ulaya kwa pauni 100. Bei ya karafuu ina sababu zake za kupanda na kushuka. Hapa tunatazama sarafu peke yake. Kwa kiasi cha shilingi 1 na peni 4, pauni 100 zilileta Unguja rupia 1,500. Rupia ilipokuwa shilingi 2, pauni 100 zile zile zilileta rupia 1,000 tu. Mkulima hakupunguza hata pishi moja ya karafuu. Rupia 500 zilipotea njiani baina ya London na Unguja. Rupia iliposhuka, hesabu ikarudi kama kwanza. Kisha ikapanda tena, na safari hii haikupanda kwa vita bali kwa sheria.

Mwaka 1926 tume ya kifalme iliyoshughulikia fedha ya Bara Hindi ilipendekeza rupia iwekwe katika shilingi 1 na peni 6, na mwaka 1927 ikawa sheria. Kule kwao jambo hili liliwasha moto. Mmoja wa wajumbe wa tume ile, Sir Purshotamdas Thakurdas, aliandika maoni yake ya kupinga, akataka rupia irudi katika shilingi 1 na peni 4, kwa hoja kwamba rupia ghali humwumiza mwenye kulima na kuuza nje. Wafanyabiashara wa Bombay wakamuunga mkono. Walishindwa, lakini angalau walisema, na maneno yao yakaandikwa.

Je, Unguja nani alisema? Pauni 100 za karafuu sasa zilileta rupia 1,333 mahali pa 1,500. Anayedaiwa rupia 1,000 alihitaji pauni 75 kulipa, mahali pa 66 na ziada. Khasara hii si ndogo kwa mtu ambaye shamba lake limo katika rahani. Baraza la Kutunga Sheria lilikuwa limefunguliwa mwaka 1926, lakini wajumbe wake wote waliteuliwa. Mwafrika wa kwanza hakukaa ndani yake mpaka 1946, na uchaguzi wa kwanza haukufanywa mpaka 1957. Kiasi cha rupia ya Unguja kilikatwa kwa ajili ya haja za Bara Hindi, na mkulima wa Pemba hakuwa na mtu hata wa kushindwa kwa niaba yake.

Kisha ikaja miaka ya 1930, bei ya karafuu ikaanguka pamoja na bei za mazao duniani kote, na deni la rupia ghali likabaki pale pale. Mwaka 1934 Serikali yenyewe ilikiri kwa vitendo kwamba mashamba yamezama katika madeni, ikatunga sheria kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie mikononi mwa watu wengine bila ya idhini yake. Ugomvi wa karafuu uliofuata, pamoja na mgomo wa wanunuzi wa Bara Hindi wa 1937 na 1938, unajulikana na wazee wetu wameusimulia. Sisi hatusemi haya ili mtu amchukie mtu kwa kabila lake. Mwenye duka aliyekopesha hakukata yeye thamani ya rupia, kama vile mkulima hakuikata. Wote wawili walikuta mizani imekwisha kutundikwa.

TAREHE 1 JANUARI 1936

Siku hiyo rupia ya Unguja iliondoka na shilingi ya Afrika Mashariki ikaingia, shilingi 1 na senti 50 kwa kila rupia. Kwa kuwa tunataka haki, tuseme haki: kiasi hiki hakikuwa cha wizi. Kilikuwa sawasawa na shilingi 1 na peni 6, ambayo ndiyo thamani ya rupia katika biashara siku ile. Tofauti na yale yaliyofanywa bara mwaka 1920, hapa hakuna aliyebandikwa nusu juu ya deni lake kwa usiku mmoja.

Lakini mambo mawili yapaswa kukumbukwa. La kwanza, kiasi kilichoandikwa 1936 kilikuwa kile kile kilichopandishwa 1927, na kwa kukiandika katika sheria yetu tuliitia muhuri khasara ya nyuma. La pili ni dogo, lakini wadogo ndio tunaowatetea. Senti moja ya rupia ilikuwa senti moja na nusu ya shilingi, na sarafu ya nusu senti haikuwako. Mwenye kununua gunia hakuwa na shida. Mwenye kununua chumvi, kiberiti au fungu la ndizi kwa senti moja moja ndiye aliyekuwa na shida, kwani kila bei ndogo ilibidi iende juu au iende chini, na hatudhani kwamba wengi walioziona zikienda chini.

Tangu siku hiyo rupia ya Bara Hindi na shilingi yetu zilitembea bega kwa bega, moja na nusu kwa moja, kwa miaka 30. Vita Vikuu vya Pili havikuzitenganisha, wala kushushwa kwa pauni mwaka 1949, kwa sababu zote mbili zilishuka pamoja na pauni. Zilitengana katika mwezi mmoja. Tarehe 6 Juni 1966 Serikali ya India ilishusha rupia yake kutoka 4.76 mpaka 7.50 kwa dola moja ya Marekani. Tarehe 14 Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango yake na kutoa shilingi mpya, 7.14 kwa dola. Rupia iliyokuwa shilingi 1 na senti 50 ikawa kiasi cha senti 95. Mnunuzi wa India aliyezoea kulipa rupia mbili kwa karafuu za shilingi tatu, sasa alitakiwa atoe rupia tatu na zaidi.

Na leo? Katika mwaka 2020 rupia moja ya India ilipata kiasi cha shilingi 31 za Tanzania. Rupia yenyewe haikukaa palepale, kwani katika mwaka huo dola moja ilikuwa zaidi ya rupia 70. Iliteremka ngazi, nayo shilingi yetu ikaanguka kisimani.

Tukipenda kujilinganisha na ndugu wa karibu, shilingi ya Kenya ilizaliwa mwaka ule ule wa 1966, kwa thamani ile ile. Hata mwaka 1985 hesabu rasmi ilikuwa bado inaziweka karibu sawa, kiasi cha 17 kwa 16 kwa dola, ingawa kila mtu aliyevuka mpaka alijua kwamba hesabu hiyo ni ya makaratasi, na karafuu za Pemba zilizokuwa zikivushwa usiku kwenda Mombasa zilifuata hesabu nyingine. Kuanzia 1986 makaratasi yakaacha kusema uongo. Mwaka 1990 shilingi moja ya Kenya ilikuwa zaidi ya 8 za Tanzania. Mwaka 2000 zaidi ya 10. Mwaka 2020 kiasi cha 21.

KWA NINI TUNAYASEMA HAYA SASA

Wapo watakaotwambia kwamba tunafukua makaburi. La! Tunasoma daftari, kwani mali bila daftari hupotea bila khabari. Na daftari letu linatufundisha kwamba siku ya kubadili sarafu, kiasi huandikwa kwa namba moja, na namba ile hugawa mali ya watu baina ya mwenye kudai na mwenye kudaiwa, baina ya mwenye kuuza nje na mwenye kununua kutoka nje, baina ya mwenye gunia na mwenye senti. Namba ikishaandikwa, hairudi nyuma.

Wapo pia watakaosema kwamba Zanzibar inayo sauti yake, kwani Benki Kuu ina tawi Unguja, na Hazina yetu ina kiti katika bodi. Tunajibu: kiti ni kitu, na kauli ni kitu kingine. Katika mambo 11 yaliyoandikwa katika Mkataba wa Muungano wa 1964, sarafu na benki hayamo. Yaliongezwa mwaka 1965, mwaka mmoja kabla ya Benki Kuu kufunguliwa. Zanzibar ilikuwa mwanachama wa Bodi ya Sarafu tangu 1936, na fungu lake katika akiba ya Bodi ile limeulizwa na wananchi na wawakilishi wao kwa miaka mingi. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo haina mwanachama aitwaye Zanzibar. Basi itakapokatwa namba ya 2031, sisi tutakaa wapi? Tutakuwa nyuma ya jahazi, kama mwaka 1908.

Hatutaki kusema tu kisha tukanyamaza. Chama chetu kinataka mambo manne.

Kwanza, hesabu kamili ya fungu la Zanzibar katika Bodi ya Sarafu itangazwe kwa maandishi, kwa Kiswahili, ili mwananchi aisome mwenyewe. Haiwezekani kuingia katika sarafu ya pamoja ya tatu ilhali hesabu ya sarafu ya pamoja ya kwanza haijafungwa.

Pili, kiasi cha kubadilisha shilingi, kabla hakijakubaliwa na yeyote kwa niaba yetu, kiletwe mbele ya Baraza la Wawakilishi na kijadiliwe mchana, milango ikiwa wazi. Wafanyabiashara wa Bombay walishindwa mwaka 1927, lakini walisikiwa. Sisi tunadai angalau kusikiwa, na baada ya hapo kushinda.

Tatu, sheria ya kubadilisha ieleze mapema namna madeni ya zamani yatakavyohesabiwa, na iseme wazi kwamba vipande vya senti havitabebwa na mnunuzi mdogo. Bei zote zionyeshwe kwa sarafu mbili, ya zamani na mpya, kwa muda wa kutosha, ili bibi anayekwenda dukani aweze kujihesabia.

Nne, na hili halihitaji kungoja 2031: karafuu huuzwa ng'ambo kwa dola, na mkulima hulipwa kwa shilingi. Katika kila kituo cha kununulia karafuu uwekwe ubao wenye namba mbili, bei ya karafuu ng'ambo kwa dola, na thamani ya dola kwa shilingi siku hiyo. Mkulima aliyepanda juu ya mkarafuu kwa roho yake anastahili kujua baina ya dola iliyoingia na shilingi aliyopewa kumekatwa nini, na kimekatwa na nani.

Ndugu wananchi, hatukuandika haya kuwatia khofu juu ya umoja wa Afrika Mashariki. Bahari yetu imewaunganisha watu wa pwani hii kabla hajazaliwa mtu wa kutia saini mkataba wowote. Umoja tunautaka. Tunachokikataa ni kuamshwa asubuhi moja, kama walivyoamshwa wazee wetu, tukaambiwa kwamba fedha iliyokuwa jana si fedha tena, na kwamba kiasi kimekwisha kukatwa.

Basi kila mwanachama aichukue karatasi hii, ampe na jirani yake aisome. Na mwakilishi wenu atakapokuja jimboni, msimwulize habari ya barabara peke yake. Mwulizeni: siku ya kubadili sarafu, mizani itakuwa mkononi mwa nani? Akikosa jibu, mwambieni akalitafute, kwani hiyo ndiyo kazi tuliyomtuma.